Sikio la Kushoto la Nahodha

Tarehe 3 Machi

Mwanangu mpenzi,
Hujambo? Wajukuu zangu je? Mimi mzima, ila magwanda ya zamani yamegoma kufunga tumboni. Nilidhani nikistaafu kazi yangu ni kumwagilia nyanya, kumbe vita havina simile. Wamenipa meli ya kulinda shehena. Msaidizi wangu ni Mrefu, yule niliyemfundisha kazi, aliyekuwa akigonga kichwa mlangoni kwetu. Daktari wa kupima masikio alikuwa na foleni ndefu. Nilimgeuzia sikio la kulia mara zote mbili. Usicheke, na usimwambie mtu.
Babako

Tarehe 15 Machi

Shikamoo baba,
Sisi wazima, ila sikucheka. Mimi muuguzi, na sikio lako la kushoto nalijua: mizinga imeliua kabisa. Mtu akipiga kelele kushoto kwako kwamba kuna bomu majini, utasikia nini? Meli imejaa vijana wa watu. Omba kazi ya ofisini. Usipoomba, nitawaandikia wakubwa zako mwenyewe.
Mwanao

Tarehe 26 Machi

Marahaba mwanangu,
Ukiandika barua hiyo, mimi na wewe tumemalizana. Mrefu ni hodari, lakini akibanwa hupapatika. Anahitaji safari mbili tatu zaidi pamoja nami. Husimama kushoto kwangu. Akisikia kitu, ananishika bega. Tumeshazoeana. Nivumilie kidogo tu, nakusihi.
Babako

Tarehe 9 Aprili

Shikamoo baba,
Barua yako imenikuta nimeshatuma yangu. Nilipiga simu makao makuu kuifuta, wakasema wameshaifanyia kazi. Nisamehe. Lakini nikikuficha nitakuwa mwongo: tangu nisikie wamekushusha melini, napata usingizi. Mbona simu zangu huzipokei?
Mwanao, kama bado

Tarehe 2 Mei

Mwanangu,
Natumaini mko salama. Mimi mzima, na uzima wenyewe unanitia aibu.

Meli ilitoka na Mrefu usukani. Haikurudi. Wachache wameokolewa, yeye hayumo. Baharia mmoja ameniambia bomu waliliona mapema. Mrefu akaamuru kulia, kisha kushoto, kisha akanyamaza. Huenda mimi ningewahi. Huenda nisingesikia kitu, tukafa wote. Nimeliwaza hili hadi kichwa kinauma. Sikulaumu. Nilijaribu kukulaumu, nikashindwa.

Mama yake Mrefu alinipigia simu akilia, akamshukuru Mungu kwamba angalau mimi nilishushwa. Hajui ni kwa nini. Atakuja kwangu Jumamosi.

Njoo, mwanangu. Tumwambie pamoja.
Babako