Katikati ya Futi, Katikati ya Macho

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Kamwene, Mama Upendo, mke wangu,

Mmeamkaje huko Iringa, na mguu wako umepoa? Ule mti wa parachichi bado unawagombanisha na jirani? Mimi huku mzima kabisa, nakula, nalala, na shati la bluu limeanza kunibana shingoni. Utashangaa kuona karatasi wakati juzi tu tumeongea. Lakini kwenye simu huwa unanikatiza, halafu salio linaisha kabla sijafika kwenye utamu. Leo nataka niseme mpaka mwisho, na wewe usome ukiwa umekaa.

Unajua tulivyoagana. Tangu mashine za kuchapa mabango ziingie mjini, brashi zangu zilikauka kwenye kopo, na mtu aliyeandika majina ya nusu ya maduka ya Iringa akabaki kukaa nje akikosoa herufi za wenzake. Ukaniruhusu nije kwa Neema, binti wa marehemu kaka yangu, anifundishe kutengeneza kurasa za tovuti. Ukanipa miezi mitatu. Nikikosa kazi, nirudi nikapange mbao kwa kaka yako Mafinga. Mlamu wangu ni mtu mwema, lakini mgongo wangu haupatani na mbao. Na zaidi ya mgongo, mke wangu, niliona aibu. Hilo nilikuwa sijakwambia.

Neema ananipa shikamoo kila asubuhi kwa adabu zote, halafu akishakaa kwenye kiti chake ananiendesha kama mwanafunzi wa darasa la pili. Mwezi huu akanipa kazi ya peke yangu: ukurasa wa duka la vitambaa la Bi Shirin, hapa hapa Mwanjelwa. Mama huyu ni Mhindi aliyezaliwa Mbeya, babu yake aliuza vitambaa hapa, na akikukasirikia anakusema kwa Kinyakyusa. Alitaka kitu kimoja: mtu akifungua ukurasa, alikute jina la duka, Asubuhi Njema, limekaa katikati ya kioo, juu na chini sawa.

Neema hakunificha. “Bamdogo, huu ndio mtihani wako,” akasema. “Akiukubali, unabaki na mimi. Akiukataa, sitakuwa na kazi ya kukupa.”

Nikasema moyoni, kuweka jina katikati? Si ndiyo maisha yangu yote hayo? Nikatoa futi kamba, nikapima kioo cha kompyuta kutoka juu mpaka chini, nikagawa kwa mbili, nikatia alama ya chaki. Ndiyo, chaki, kwenye kioo. Usicheke. Kisha nikaliamuru jina lishuke mpaka kwenye alama, likakaa vizuri ajabu. Neema akafungua ukurasa ule ule kwenye simu yake, na jina halikuwepo. Lilikuwa limezama huko chini, mpaka usukume kwa kidole ndipo ulione.

“Umepima ubao wako, bamdogo,” akaniambia, “lakini kila mteja anakuja na ubao wake.”

Hapo nilichoka. Ubao gani huo unaobadilika ukubwa kwa kila anayeutazama? Ndipo akanifundisha mfumo anaoutumia, wenye maneno mafupi yaliyokwisha kutengenezwa. Unalipachika neno kwenye kasha, na kasha linatii. Ukiandika flex na items-center, kilichomo ndani kinapanda au kushuka chenyewe mpaka katikati, bila futi wala chaki. Nikaandika. Jina likabaki juu kabisa, limeng'ang'ania ukingo. Nikaandika tena, nikakagua herufi moja moja, wapi! Siku mbili nzima. Nikaanza kunusa mbao za Mafinga.

Siku ya tatu nikaligundua mwenyewe. Kasha lilikuwa na kimo cha jina tu. Ni sawa na kunipa ubao uliokatwa sawasawa na herufi, halafu uniambie niandike katikati. Katikati ipi, wakati juu hakuna nafasi na chini hakuna? Nikaongeza neno jingine, min-h-screen, yaani kasha lirefuke lijaze kioo chote cha yeyote anayetazama. Jina likashuka, likatulia. Niliruka kutoka kwenye kiti mpaka Neema akadhani nimepigwa shoti.

Alhamisi tukaenda dukani. Bi Shirin akavaa miwani, akatazama simu yake.

“Limeshuka,” akasema.

“Hapana, mama, liko katikati kabisa,” Neema akamjibu, akamchorea na mistari. Juu na chini kulikuwa sawa, hapakuzidi hata unywele.

“Mwanangu, mistari mimi siijui. Macho yangu yananiambia limeshuka. Kama mmeshindwa semeni tu, yupo mwingine aliyeiomba kazi hii.”

Na mimi, Mama Upendo, nilikuwa nimeliona. Nililiona tangu ofisini! Kila mwandika mabango anajua kwamba katikati ya futi si katikati ya macho. Ukiligawa nusu kwa nusu, mtazamaji analiona jina linazama, ndiyo maana sisi hulipandisha kidogo. Nilinyamaza kwa woga tu, nikijiambia kwamba huku kompyuta ndiyo inayojua na mimi ni mgeni. Sasa kazi ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, kwa sababu ya neno moja ambalo sikulisema.

“Bi Shirin anasema kweli,” nikasema. Neema akanigeukia, na jicho lake halikuwa la shikamoo.

Nikaomba kompyuta, nikakaa juu ya robota la vitenge. Nikaongeza pb-12, yaani nafasi kidogo upande wa chini wa kasha, ili jina lisukumwe juu kwa kadiri ya kidole. Bi Shirin akafungua upya. Akaisogeza simu mbali, akairudisha karibu. Kisha akapaza sauti dukani: “Nyie wote, hebu toeni simu!”

Basi ikawa sherehe. Wauzaji wakatoa zao. Baba mmoja wa Chunya, aliyekuja kumnunulia mkewe khanga, akatoa yake yenye ufa. Mama mwingine akatoa ya kwake, pana nusu ya sinia. “Limekaa!” “Hata huku limekaa!” “Jamani, na kwangu!” Bi Shirin akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Ndaga fijo, fundi,” akaniambia, ndiyo asante sana ya huku.

Tuliporudi, Neema akanisimamisha kwenye ngazi za ofisi.

“Uliona, ukanyamaza?”

“Niliogopa, mwanangu.”

“Usiogope tena, bamdogo. Kuanzia leo hakuna ukurasa utakaotoka kwangu kabla hujautazama.” Akapanda ngazi mbili, akageuka. “Na kutazama unaweza kutazamia Iringa. Si lazima ukae huku unamkosesha mama mdogo usingizi.”

Nilijifanya nafunga kamba za kiatu, maana machozi yalikuwa yameshafika. Nimefurahi, mke wangu. Nimefurahi mpaka naona haya kuandika.

Ninakuja Jumamosi. Tukipita Mafinga nitakupigia, uinjike ugali. Kondakta aliyekuletea barua hii ana mfuko wa mchele wa Chimala, usimwache aondoke bila kukupa.

Mpe heshima zangu mama mkwe, na umwambie dawa yake ya kifua nimeipata. Mbusu Upendo, na aandae maswali yake ya kompyuta, maana sasa nayaweza machache. Mwinjilisti jirani yetu mwambie asiguse lile parachichi mpaka nije. Na mlamu wangu wa Mafinga mshukuru sana, ila ile nafasi ampe mtu mwingine. Naomba umwambie wewe mwenyewe, kwa sauti, ili na masikio yako yasikie kinywa chako kikisema: Baba Upendo ana kazi.

Ni mimi mumeo, niliyekukumbuka kupita kiasi,
Baba Upendo