Mchicha wa Zizi la Baba

Manundu, Korogwe

Mama, shikamoo.

Habari nitauliza baadaye, maana mbegu zimeota! Mchicha na giligilani nilivyosia kwenye madumu ya kukata vimechomoza vyote, na mchicha umeshafikia kuchumwa, kibaraza kizima ni kijani! Jirani yangu Maryamu ameshaomba miche. Nimemnyima, acha kwanza tuonje sisi.

Ni ile samadi uliyonizolea zizini kwetu, Mama. Nilipofungua kiroba kilinuka nyumbani, nikakaa chini kidogo.

Najua baba husema majani ni chakula cha ng'ombe. Ila tangu ukame ulimalize zizi, unasema hataki kula chochote. Basi leo nimempa kaka Salaash fungu la kwanza la mchicha alilete Handeni. Mpikie baba, umwambie ng'ombe wake ndio waliouotesha.

Mwanao,
Nasinkoi