Kondensatere imeshiba

Siku ya ine, magaribi

Leo nimesema peke yangu mbele ya muteja. Alitoka Kpandroma na gari yake: muziki ikipiga nguvu, taa za mbele zinafifia. Alitaka kondensatere kubwa, ile ya kuwekea muziki akiba ya umeme, yenye kuwaka rangi ya bleu. Nikamukatalia, ile iko nyepesi kama kopo tupu. Nikamuwekea ndogo, nzito.

Mbele ya kuifunga, tunaijaza umeme polepole kupitia ampule, taa ndogo ya kupimia. Ampule ikizimika, kondensatere imejaa. Ilikuwa kazi ya bibi yangu wa ndoa, Asumpta, kushika ampule na kuita: "Imeshiba!" Leo nilishika mwenyewe. Ikazimika. Nikaita, "Imeshiba!"

"Unaambia nani?" muteja akauliza.

Nikamuelezea: bibi yangu iko kwao Kpandroma miezi mbili sasa, anachunga mama yake mugonjwa, Mama Rejine mwenye kuuzisha maharagi.

"Mama Rejine? Juzi nilinunua kwake sokoni. Iko muzima kabisa, anajibebea mufuko."

Nikasema Mungu asifiwe. Nikakaza vis ya mwisho.

Simu iko hapa pembeni ya daftari. Sijapiga. Nikipiga, Asumpta ataniambia mama angali mugonjwa, na mimi nitaitika ndiyo.