Mdudu Katika Mtungi wa Mama Neema

Jumapili, Masasi. Joto la kukausha nguo kabla hujazianika.

Natangaza kwa mara ya kwanza, na mwenye pingamizi aseme sasa au anyamaze: jana huko Kitangari, ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, alionekana mdudu. Mweusi, miguu mingi. Maji yote yalimwagwa kwa usalama wa raia. Shahidi ni mmoja tu, naye ni mimi.

Haya, sasa tuongee vizuri.

Baada ya wiki mbili naolewa. Ndiyo, mimi, mwalimu wa darasa la tatu, miaka hamsini na mbili, magoti yanalia kuliko kinanda cha kanisa. Naolewa na Baba Neema, mgane, mkulima wa korosho, mtu anayecheka kabla hajamaliza kusimulia. Nahamia kwake Kitangari. Kabati nimempa dada, vyombo nimegawa, madaftari ya zamani nimechoma. Nikajiona mwepesi.

Kumbe namwonea wivu marehemu.

Mama Neema alifariki miaka sita iliyopita. Sikuwahi kumwona. Lakini mikorosho ya nyuma ya nyumba aliipanda yeye, kitambaa cha meza alikidarizi yeye, na majirani wananitazama kama wananipima gauni lake. Nashindana na mtu asiyezeeka, asiyenuna, asiyeunguza wali. Nitamshindia wapi?

Jana nilikwenda kuiona nyumba. Neema, binti yao, mtu mzima mwenye watoto wake, aliniamkia vizuri, akanichotea maji. "Karibu maji, mama. Huu mtungi ni wa marehemu." Nikanywa. Matamu, ya baridi. Baba yake naye akanywa, akafumba macho, akasema, "Aaah!"

Hiyo "aaah".

Chai yangu anainywa mwaka wa pili huu. Husema, "Asante, Mwalimu."

Leo kanisani tangazo letu la ndoa limesomwa mara ya pili. Padri alipouliza kama kuna anayejua pingamizi, nikakohoa. Kanisa zima likageuka. Bibi harusi anajiwekea pingamizi mwenyewe! Watu wakacheka, nami nikacheka. Ila kikohozi kile hakikuwa cha vumbi.

Nimefika nyumbani, hata viatu sijavua, nikampigia Neema simu.

Kilichotokea hasa ni hiki. Jana walipotoka kwenda kugeuza korosho juani, nilibaki peke yangu na ule mtungi. Nikauinamisha, nikamwaga maji yote chini ya mpapai. Mwezi huu! Kitangari! Kisima chao cha maji ya mvua kimebaki tope, watu wanapanga foleni bombani. Neema aliporudi aliitazama ardhi iliyolowa, kisha akanitazama mimi. Nikasema nimeona mdudu mtungini.

"Mdudu gani, mama?"

Mweusi, nikasema.

"Ana miguu?"

Mingi.

Baba yake akaangua kicheko: "Mwalimu ana macho! Sisi miaka yote tumekunywa wadudu." Neema hakucheka. Alijifunga kanga kiunoni, akachukua dumu, akaondoka. Nami nikakaa kitini kama mgeni wa heshima, nasubiri maji ya chai.

Leo kwenye simu nimemwambia Neema mdudu hakuwepo, nilimwaga kwa wivu.

Akajibu: "Najua, mama. Maji yale niliyachuja mwenyewe asubuhi, kwa ajili yako."

Nilikuwa peke yangu chumbani, lakini nilikosa pa kuuweka uso.

"Marehemu alikuwa anaamka saa kumi kufuata maji," akaendelea. "Ukija utaona kama kuna cha kumwonea wivu. Na uje na ndoo yako."

Hakusema amenisamehe.

Ndoo yangu ya bluu nilikuwa nimeshampa jirani pamoja na masufuria. Nimetoka kwake sasa hivi kuiomba. Alikuwa ameshaitia pumba za kuku. Amenitazama, amezimwaga, amenirudishia, na mimi nimeiosha.