Saa ya Gaston imerudi

Jeudi, novembre 2011

Andika vile nasema, Nadine mujukuu wangu, usinitengenezee maneno.

Bon. Ule muzungu wa mutaa ya Flagey mwenye kutengeneza saa, simwamini. Saa ya marehemu bwana yangu Gaston ni nyembamba kama ostia ya misa. Dimanche, siku ya misa, alikuwa anaivaa chini ya mukono wa shemizi, na kifungo kinafunga bila shida.

Leo nimeenda kuikamata kwake, nilikuwa nimemuachia aisafishe. Muzungu anasema, "Maman, nimeisafisha tu, sikubadilisha kitu."

Nani alimuuliza habari ya kubadilisha? Muntu anaweza kutoa tumbo ya saa, akatia ingine ya bei kidogo.

Lakini Gaston alikuwa ananikataza kufinya kioo. Maana ni chembamba sana, ukikifinya kinalalia mishale, saa inasimama. Ya bei kidogo haifanye vile. Nimefika nyumbani, nimefinya na kidole gumba, nguvu yote. Nimeiweka ku sikio: kimya. Nimefurahi, njo ile ya Gaston yenyewe.

Nimeondoa kidole. Ingali kimya mpaka sasa.

Kesho nitamwambia ule muzungu imesimama yenyewe. Miye kama ningekuwa ye, nisingeniamini.