Maua ya Manjano Ukutani

Jumapili, 3 Machi

Shikamoo mama. Sisi hatujambo, sijui nyonga yako inaendeleaje. Nyumba tuliyohamia ina mmea uliotambaa ukuta wote wa uani, umejaa maua ya manjano kama tarumbeta ndogo, na harufu yake inaingia hadi jikoni. Si ndilo lile ua la asali tulilokuwa tukinyonya utotoni? Mjukuu wako habanduki hapo. Ningekutumia picha, lakini simu yako ya vitufe haipokei.

Mwanao

Jumatatu, 4 Machi

Marahaba mwanangu. Nyonga inanikumbusha umri kila asubuhi, lakini natembea. Ndilo lenyewe! Miaka yote niliyofanya kazi kwenye vitalu vya maua, nitashindwa kulijua hilo? Mwache mume wangu mdogo anyonye. Wewe ulikuwa unagombana na nyuki.

Mama yako

Jumatano, 6 Machi, mchana

Mama, salamu baadaye. Mtoto kalegea, kope hazifunguki vizuri, anasema ananiona wawili. Tuko hospitali. Daktari anauliza ni ua gani alilonyonya. Una hakika na lile jina?

Mwanao

Jumatano hiyohiyo

Nijibu haraka. Ndani ya ua zinachomoza nyuzi ndefu, kama ndevu za paka? Na mdomo wake umepasuka pande mbili zisizolingana, au una petali tano za mviringo, zote sawasawa?

Mama

Jumatano hiyohiyo

Limo moja mfukoni mwake. Tano, sawasawa. Ndevu hakuna.

Mwanao

Jumatano hiyohiyo

Basi silo. Mungu wangu, silo! Hiyo ni asumini ya uongo, ina sumu kuanzia mizizi hadi huo utamu wake. Kimbia kamwambie daktari sasa hivi. Kosa ni langu, nimejifanya najua kitu ambacho sijakiona.

Mama

Alhamisi, 7 Machi

Mwanangu, mbona kimya? Simu yako inaita tu. Niandikie hata neno moja, hata kama ni la kunitukana.

Mama

Ijumaa, 8 Machi

Shikamoo mama. Yu hai. Jana kutwa alikuwa anapumua kwa mashine, sikuweza kuushika mkono wake na simu pamoja. Leo kafumbua macho, kaomba maji. Baba yake amerudi safari akiwa amewaka, anataka kujua ni nani aliyemruhusu mtoto kunyonya yale maua. Nimemwambia ni mimi. Akikupigia, nakuomba mama, usinikanushe.

Mwanao