Unyevu wa Safar

Taft, Dei 4
Mwanangu Safar,
Salamu nyingi. Sisi wazima, goti langu tu linalia na baridi. Wewe je, unakula?
Mzee Nosrat amekataa posa. Anasema alipokupa mkono, kiganja chako kilikuwa kama tofali. Eti hilo tanuri unalofanyia kazi limekunywa unyevu wako wa uhai, ule tunaozaliwa nao, na ukiisha mtu kaisha. "Nimpe binti yangu Mahliqa taa isiyo na mafuta?" Nikambembeleza, amekubali tabibu akupime mshipa mwezi wa Bahman. Pokea mafuta ya lozi, utie puani ukilala. Chumvi acha. Na usiwe na wasiwasi, huo unakausha kuliko moto.
Mama yako

Isfahan, Dei 19
Mama, shikamoo.
Mimi mzima, nadhani. Mafuta natia, wenzangu wananiita andazi. Ila wasiwasi siuwezi. Nikikumbuka nisiwe nao, unakuja, halafu nawaza, sasa hivi nakauka. Mahliqa mwenyewe anasemaje?
Mwanao

Isfahan, Bahman 16
Mama, shikamoo.
Nisamehe kuondoka bila kuaga. Ulikuwa chumba cha wanawake huko kwa Mzee Nosrat, hukuona. Tabibu kanishika mshipa. Kauliza, "Kijana, unatoa machozi upesi?" Sauti haikutoka. Mzee Nosrat akasema, "Ona, hata mate hana!" Nikainuka nikanywe maji, nikajikuta stendi. Hukumu sikuisikia. Niambie tu.
Mwanao

Taft, Bahman 24
We Safar,
Goti afadhali. Umeondoka na viatu vya tabibu!
Kasema u mkavu kweli, na unyevu uliopungua haurudi. Ila ukioa mwanamke mwenye mwili wa baridi na majimaji, atakutunzia uliobaki. Mzee akasema, "Basi ni huyu wangu, hata kiangazi miguu yake barafu." Tukagawana peremende za posa. Mara Mahliqa akatoka nyuma ya pazia: "Mnaniozesha kwa sababu ya miguu? Mshipa wake mmeusikia, mimi hata sauti yake sijaisikia. Aje aniulize kwa mdomo wake. Mwaka mpya wa Nouruzi ukifika hajaja, sitaki."
Njoo.
Mama yako

Ndani ya basi, Esfand 9
Mama, shikamoo.
Barua hii nitakupa mkononi, maana nikikuona nitanyamaza. Nilijifunza maneno mengi mbele ya tanuri, yote yamenitoka njiani. Limebaki moja: "Wanitaka?" Usinikaribishe chai. Nipeleke kwao sasa hivi, kabla na hili halijanitoka.
Mwanao